Singapore waliniita kobe, wakaniita na kahawa

  Wiki hii mniwie radhi, sina stori ya mapenzi wala ya nani kaonekana na nani ukumbini. Leo nawapeleka ng'ambo, mbali kabisa. Na kama hujala, nakushauri uweke gazeti pembeni ukale kwanza, maana stori hii kuanzia juu mpaka chini ni ya msosi. Msosi na majina ya watu.

Ilikuwa mwaka 2023, nikiwa na miaka ishirini na minne. Baada ya kumaliza kidato cha nne na matokeo yangu ya kuungaunga, nilikaa kijiweni mpaka makalio yakaota sugu. Mjomba wangu, baharia wa siku nyingi, akanihurumia. Nikasoma zile kozi fupi za usalama wa melini, nikapata kitabu cha ubaharia, nikapanda meli ya mizigo kama msaidizi wa mpishi. Kazi yenyewe kumenya viazi, kuosha masufuria na kutukanwa na mpishi mkuu. Mwezi wa saba tangu nipande, meli ikapelekwa Singapore kutengenezwa. Ikapandishwa chelezoni upande wa Jurong, magharibi mwa kisiwa, ikakaa wiki tano. Jiko la melini likafungwa, kila mtu akawa anapewa hela yake akale nje.

Kwa kijana wa Tanga aliyezoea kula anachopewa, kuambiwa "katafute chakula Singapore" ni mtihani.

Mwendo wa kama dakika kumi kutoka getini kulikuwa na banda kubwa la chakula. Mabanda ya namna hiyo Singapore yapo zaidi ya 100. Ndani vibanda vidogo vimepangwa ubavu kwa ubavu kama maduka ya Kariakoo, kila kimoja na pishi lake moja au mawili. Zamani wapishi wale walikuwa wakiuza barabarani, kama mama ntilie wetu. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ikawahamishia ndani, ikawapa paa na maji ya bomba. Mwaka 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi wa wanadamu. Mama ntilie wakaingia kwenye orodha ya dunia, jamani!

Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Nimetoka kuswali, kofia yangu ya kushonwa kwa mkono iko kichwani, njaa inaniuma. Nikaangaza macho kwenye mabango, sielewi kitu. Mara nikaona bango limeandikwa BAK KUT TEH. Sasa hiyo "teh" nilikuwa naijua, maana melini tulikuwa na Waindonesia wawili na kwao teh ni chai. Nikasema afadhali, angalau chai. Nikaenda kifua mbele, nikamwambia muuzaji anipe moja, kubwa.

Muuzaji akaniangalia, akaiangalia kofia yangu, akaniangalia tena. Kabla hajasema neno, bibi mmoja mwembamba wa kibanda cha kahawa cha jirani akapiga kelele: "Babi! Babi!" Huku ananionyesha kofia yangu kwa kidole.

Hilo nalo nilikuwa nalijua. Babi kwa Kimalay ni nguruwe. Nikaruka hatua mbili nyuma kama nimekanyaga kaa la moto.

Banda zima likacheka. Yule bibi naye akacheka, akamgeukia muuzaji akasema neno moja: "Suaku." Wakacheka upya. Msichana wa kama miaka ishirini, aliyekuwa anafuta meza pale kwa bibi, akataka kunisaidia. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, bibi kaniitaje? Akasita kidogo. Akasema, "Kobe wa mlimani."

Nilichoka mwenyewe. Mimi? Mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, niliyevuka bahari mbili, naitwa kobe? Tena wa mlimani! Nikasusa, nikarudi melini na njaa yangu.

Kesho yake nikarudi. Msinicheke. Njaa haina kiburi, na sehemu nyingine ya kula ilikuwa mbali. Yule msichana akanivutia kiti, akaniletea kahawa, akanifafanulia vizuri. Suaku ni neno la Kihokkien. Kobe wa mlimani ni mtu ambaye hajashuka mjini, hajaona mambo, anashangaa kila kitu. Mshamba, kwa kifupi. Ila ukiambiwa usoni, kwa kucheka, na mtu mzima aliyekuokoa usile haramu, si tusi kubwa. Ni kama bibi yako anavyokwambia "mjinga wewe" huku anakupakulia.

Basi shule yangu ikaanzia hapo. Kila jioni nilikula kwa Wamalay au kwa Wahindi Waislamu upande wa pili wa banda, kisha nikaja kunywa kahawa kwa bibi, na yule mjukuu ananifundisha. Mwalimu hakuwa na ubao, alikuwa na mabango ya chakula.

Somo la kwanza lilikuwa bak. Bak ni nyama, kut ni mfupa, teh ni chai. Lakini ndani ya lile bakuli hakuna chai hata tone. Ni mbavu za nguruwe zilizochemshwa na viungo, chai yenyewe hunywewa pembeni. Na Mhokkien akisema "bak" bila kuongeza neno jingine, ujue ni nguruwe. Ya ng'ombe ataitaja: gu bak. Somo hilo nililishika kuliko yote niliyofundishwa shuleni miaka kumi na moja.

Kisha tukaja kwenye kukaanga. Char ni kukaanga. Kway ni kile kitu cha unga wa mchele. Ukikikata vipande virefu bapa kama mikanda ni kway teow. Kwa hiyo char kway teow unajua mwenyewe ni nini. Ukitaka kufungiwa chakula ukalie nyumbani unasema tapow, hilo ni la Kikantoni. Kikiwa kitamu unasema ho chiak, yaani kinalika vizuri.

Kahawa nayo ina lugha yake. Ukisema "kopi" tu unaletewa kahawa yenye maziwa mazito matamu ya kopo. Ukisema kopi-o, nyeusi yenye sukari, kwa sababu "o" kwa Kihokkien ni nyeusi. Kopi-o kosong, nyeusi bila sukari. Kosong ni Kimalay, maana yake tupu. Peng ni ya barafu, gao ni nzito, siew dai ni punguza utamu. Mtu anaunga maneno manne kwa pumzi moja, na bibi aliyezeeka anakorogea vikombe kumi bila kuandika popote na hakosei hata kimoja. Wiki ya pili nilikuwa naagiza "kopi-o siew dai peng" kama nimezaliwa Jurong, na bibi anaguna kwa furaha.

Lugha hii yote wenyewe wanaiita Singlish. Mifupa yake ni Kiingereza, lakini nyama yake imetoka kila mahali. Waingereza walipofungua bandari pale mwaka 1819, watu walimiminika kutoka kusini mwa China: Wahokkien kutoka Fujian, Wateochew na Wakantoni kutoka Guangdong, Wahainan kutoka kisiwa chao. Kila kundi lilikuja na usemi wake, na mtu wa hapa alikuwa hamwelewi wa pale. Wakawakuta Wamalay, wakaja na Wahindi. Watoto wakasoma Kiingereza shuleni, wakirudi mtaani wanachanganya. Wahainan walichelewa kufika, wakakuta kazi nzuri zimeshashikwa, wengi wakaishia majikoni kwa Wazungu, kwenye meli na kwenye vilabu vya kahawa. Marehemu mume wa bibi alikuwa mmoja wao, mpishi wa melini. Bibi aliposikia kazi yangu ni kumenya viazi melini, akanitazama kwa jicho jingine kabisa. Siku hiyo kahawa ilikuwa ya bure.

Sasa hapa ndipo utamu wenyewe ulipo, msomaji wangu. Maneno yale ya kula hayaishii mezani. Yanampima na mtu.

Pale bandani kulikuwa na mzee wa tambi ambaye ukimwomba kijiko cha pili cha pilipili anakuangalia kama umemwomba figo. Bibi alikuwa anamwita kiam siap. Kiam ni chumvi kali, siap ni ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokukausha ulimi. Yaani mtu mwenye chumvi na ukakasi. Bahili! Hebu mtafakari bahili wako unayemfahamu, uone kama kuna neno linalomfaa kuliko hilo. Ukimlamba hana utamu hata kidogo.

Mlinzi mmoja wa zamu alikuwa anajificha nyuma ya mapipa kuvuta sigara. Yule anaitwa jiak zua, mla nyoka. Ndiyo, kula nyoka ni kutega kazi. Nikamkumbuka mwenzangu mmoja wa jikoni, nikajisemea kimoyomoyo, kumbe melini kwetu kuna mtu ameshamaliza chatu mzima.

Mtoto mkubwa asiyefanya kazi, analala, anaamka, anafungua sufuria, huyo ni jiak liao bee: anamaliza mchele bure. Niliposikia hilo nikainama kunywa kahawa yangu. Zile siku za kijiweni mama yangu alikuwa na maneno yake, marefu zaidi, lakini maana ni hiyo hiyo.

Mambo yakiharibika wanasema jialat. Ukilichambua ni "kula nguvu". Jua linakula nguvu, deni linakula nguvu, bosi anakula nguvu. Siku fundi alipoangusha spana ikatoboa ndoo ya rangi, banda zima lilikuwa na neno moja tu midomoni, "Jialat lah!" Na rafiki zako wakienda kula bila kukwambia, unawalaumu kwa maneno mawili: bo jio. Hamkunialika. Maneno mawili, lakini lawama yake ni ya mkutano mzima wa ukoo.

Halafu kuna baba lao, kiasu. Kia ni kuogopa, su ni kushindwa. Mtu anayeogopa kupitwa. Anapanga foleni kabla hajajua kinauzwa nini. Kwenye chakula cha bure anajaza sahani mpaka inamwagika. Anawahi meza kwa kuweka pakiti ya tishu, na hakuna wa kuigusa. Wasingapore wenyewe wanajicheka kwa neno hili. Mwaka 1990 walitoa kitabu cha katuni cha Mr Kiasu, kikapendwa vibaya. Na mwaka 2007 neno lenyewe likaingia kwenye ile kamusi kubwa ya Oxford. Neno la foleni ya chakula limekaa kitako kwenye kamusi ya Waingereza.

Mjukuu mwenyewe hakupona. Bibi alikuwa anamwita jiak kantang, mla viazi. Jiak ni kula kwa Kihokkien, kantang ni viazi kwa Kimalay. Maana yake Mchina aliyegeuka Mzungu, anaongea Kiingereza tu na wali haumshiki. Msichana anacheka, lakini nilikuwa namwona neno lile linavyompata. Nitarudi hapo.

Kwanza niwaambie siku ambayo nusura nipigane.

Ilikuwa wiki ya tatu. Nimekaa pale kwa bibi, meza ya pili wamekaa msimamizi mmoja wa mafundi na wenzake wawili, watu wa pale pale. Yule msimamizi akaniangalia, akawaangalia wenzake, akaita kwa sauti, "Eh, Kopi-O!" Nikageuka nikidhani anaagiza. Alikuwa ananiita mimi. Akaongeza, "Kopi-O gao!" Wakacheka mpaka wakagonga meza.

Wasomaji wangu, neno lile nilikuwa nalielewa. Ndiyo hasara ya kujua lugha. Ningekuwa bado kobe wa mlimani, ningetabasamu kijinga, maisha yangeendelea. Lakini mwalimu wangu alishanifundisha kuwa "o" ni nyeusi na "gao" ni nzito. Damu ikanichemka. Nikasimama. Mkono tayari umeshashika kile kikombe kizito cha kauri.

Sikufika. Bibi alitoka nyuma ya kaunta na kitambaa chake begani, akasimama katikati yetu. Mfupi, hanifiki kifuani. Akamporomoshea yule bwana Kihokkien kama mvua ya masika. Neno moja tu nilishika, siao, yaani mwendawazimu. Yule bwana akawa anasema kwa Kiingereza, utani tu, Aunti, utani tu. Bibi akakiondoa kikombe cha yule bwana mezani, bado kina kahawa nusu, akaenda kukimwaga. Na jioni ile hakumwuzia tena.

Nikamwuliza mjukuu, bibi kasema nini? Akasema, "Sijashika yote. Kamwuliza nani alimfundisha kumwita mteja wake hivyo."

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza swali moja. Mbona "suaku" nilikubali na "Kopi-O" nilitaka kuua mtu? Yote mawili ni majina ya utani. Yote ya Kihokkien. Tena kahawa ni kitu kizuri, kobe ni mnyama wa ovyo.

Jibu nililolipata ni hili. Bibi aliniita kobe kwa kitu nilichofanya, kisha akanivuta kiti nisiwe kobe tena. Yule bwana aliniita kahawa kwa ngozi niliyozaliwa nayo, kisha akawageukia wenzake. Hakuwa na habari na mimi. Neno la kwanza lilikuwa mlango, la pili lilikuwa ukuta.

Na nisijifanye malaika. Usiku ule ule nilikumbuka Kariakoo, kabla sijapanda meli. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mchina, anapita na begi lake, sisi vijana wa kijiweni tunamfuata nyuma tunamwiga anavyoongea. "Ching chong, ching chong." Tunacheka mpaka tunagonga meza. Yule baba alikuwa haangalii nyuma. Nilikuwa nadhani haelewi. Leo najua alikuwa anaelewa vizuri sana. Kama naweza kumwona tena ningemwomba radhi, ila simjui hata jina. Hatukuwahi kumwuliza.

Sasa turudi kwa mjukuu, mla viazi.

Wiki ya mwisho, mvua kubwa ilinyesha, banda likawa halina watu. Bibi akakaa nasi, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akaanza kuongea. Aliongea muda mrefu, taratibu, anaangalia mvua, mara anatabasamu, mara anafuta macho kwa kile kitambaa. Nikasubiri mjukuu anitafsirie. Kimya. Nikamgusa, nikamwuliza, anasema nini?

Akasema, "Sijui."

Nikadhani anatania. Akasema, "Nimeshika mama, mchele na bahari. Basi."

Nilicheka. Halafu nikaona uso wake, nikaacha kucheka.

Akanieleza. Mwaka 1979 waziri mkuu wao, Lee Kuan Yew, alianzisha kampeni kuwa Wachina wote wa Singapore waongee Mandarin, waache lahaja za nyumbani. Kihokkien, Kiteochew, Kikantoni, vyote vikaonekana mzigo kwa mtoto anayetakiwa kujua Kiingereza na Mandarin shuleni. Miaka ya mwanzo ya 1980 vipindi vya lahaja vikaondolewa kwenye televisheni na redio. Hata tamthilia za Hong Kong zikatiwa sauti za Mandarin. Wazazi wakatii, wakawa wanaongea na watoto wao lugha za shule. Baadaye Singlish nayo ikapata msukosuko wake. Mwaka 1999 waziri mkuu aliyefuata, Goh Chok Tong, alimsema hadharani mhusika wa kipindi cha vichekesho, Phua Chu Kang, kwa kuongea Singlish, na mwaka 2000 akazindua kampeni ya Kiingereza safi.

Kampeni ile ya kwanza ilifanya kazi yake kweli. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2010, waliokuwa wakiongea zaidi lahaja za Kichina nyumbani walikuwa asilimia 14.3. Mwaka 2020 wakashuka hadi asilimia 8.7, na wengi wao ni wazee. Bibi ana Kihokkien na Kimalay cha sokoni. Mjukuu ana Kiingereza na Mandarin. Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja.

"Kihokkien changu," yule msichana akaniambia, "ni cha kula na cha kutukana tu. Nikitaka kumwuliza Ah Ma kama amekula, naweza. Nikitaka kumwambia fulani bahili, naweza, tutacheka wote. Lakini nikitaka kumwuliza kama anaogopa kufa, sina maneno."

Ndipo nikaelewa kwa nini maneno ya jikoni ndiyo yaliyobaki. Serikali inaweza kufuta lugha redioni, inaweza kuifuta darasani. Haiwezi kuingia mdomoni mwa mtu mwenye njaa, wala mdomoni mwa mtu anayetaka kumsema jirani. Huko ndiko Kihokkien kilikojificha, ndani ya bakuli na ndani ya utani. Na serikali yenyewe naona ililijua hilo. Mwaka 2016, ilipotaka kuwafikia wazee na habari za huduma zao, televisheni ilirusha tamthilia ya Kihokkien. Jina lake lilikuwa swali: Umeshakula? Ndiyo salamu ya bibi kila jioni, "Chiak ba bueh?" Umekula ukashiba?

Basi mvua ikakatika, bibi akanyanyuka kwenda kuosha vikombe. Ile stori yake ya mama, mchele na bahari hakuna aliyeipata. Mpaka leo ipo kifuani mwake.

Meli iliposhushwa majini nikaenda kuaga. Bibi akanipa mfuko wa kahawa ya unga na soksi ile ya kuchujia. Akanipiga begani, akasema, "Suaku." Nikamjibu kwa maneno yangu ya kuokoteza kwamba kahawa yake ho chiak. Mjukuu akaanguka kwa kicheko. Kahawa hainaliki, inanyweka, ningesema ho lim. Mpaka dakika ya mwisho nilibaki kobe.

Sasa kwa nini nawasimulia haya yote, na mimi si mtu wa kuhubiri?

Kwa sababu mimi ni Mbondei wa kwenye fomu. Ukiniuliza kabila nitaandika Mbondei, lakini nimekulia mjini, Kiswahili mwanzo mwisho. Kibondei changu nikikihesabu chote hakijazi karatasi moja. Na siku ile ya mvua, nikiwa Jurong, nilikihesabu. Neno la muhogo. Neno la mboga. Neno la "njoo ule". Maneno kama manne ya kutukana. Cha kula na cha kutukana tu! Na bibi yangu yuko Muheza, Kiswahili chake cha kuombea maji. Miaka yote nikienda kumwona nilikuwa namwamkia shikamoo, nakula, nambusu mkono, napanda basi narudi.

Mkataba wangu ulipoisha mwanzoni mwa 2024, sikuenda Dar kwanza. Nilishukia Muheza. Nikamkorogea bibi kahawa ya Singapore. Akaionja, akasema ni chungu, akaongeza sukari vijiko vitatu. Nikamwita shangazi akae kati yetu atafsiri, nikasema leo siondoki mpaka nimwulize mambo.

Nilianza na dogo. Tangu nikiwa mtoto bibi ananiita kwa neno moja la Kibondei, mimi tu, wajukuu wengine hawaiti hivyo. Siku zote nilidhani ni tusi, maana binamu zangu walikuwa wanalicheka. Nikamwambia shangazi, mwulize, lile neno maana yake nini?

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Shangazi akasema, ni ukoko.

Ukoko! Ule unaobaki umeshika chini ya chungu watu wakishapakuliwa. Mimi ni mtoto wa mwisho wa mtoto wake wa mwisho. Wengine wote walishapakuliwa, wakaenda zao. Nikabaki mimi chini ya chungu. "Na mwambie," bibi akasema, shangazi anatafsiri, "ukoko ndio mtamu. Wanaojua kula wanausubiri huo."

Miaka ishirini na mitano nilikuwa nimelinunia neno la mapenzi.

Neno lenyewe sitaliandika hapa, ni langu na bibi. Tulikaa mpaka usiku, shangazi akachoka kutafsiri akaenda kulala, tukabaki wawili tunaonyeshana vitu kwa vidole. Nina daftari. Mpaka sasa lina maneno mia na kidogo, na mengi ni ya jikoni. Nimeambiwa nianze hapo hapo.

Haya, wiki ijayo panapo majaliwa tutarudi kwenye umbea wetu wa kawaida. Nawatakieni mlo mwema, na mkienda kula, msinisahau. Bo jio!